Lavonia anawafungua watu midomo kwenye duka la kufulia, sasa anasubiri neno la kaka yake

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Joto la Agosti limesimama mlangoni na halionyeshi dalili ya kuondoka. Ndani, Lavonia Treadwell amebana ncha ya shuka kwa kidevu, mikono ameitandaza, vidole vinatafuta pembe mbili za chini. Anazipata bila kuangalia. Shuka linakuwa mraba, mraba unakunjwa nusu, na nusu inalala juu ya nyingine kwenye meza.

Nyuma yake mashine za kukaushia zinazunguka. Katika moja, fulana za zambarau za mkutano wa ukoo wa Mabry zinapanda na kuanguka, zinapanda na kuanguka. Kando ya meza kuna kapu la magurudumu lililojaa taulo za moto, na juu ya taulo hizo mtoto wa miezi saba amelala mdomo wazi.

"Mtu asiguse hilo kapu," anasema Lavonia. "Mwenye taulo akija atasubiri mtoto aamke."

"Mwenye taulo ni mimi," anajibu mwanamke aliyeketi kwenye benchi, na mtoto ni wake vilevile. "Nina darasa saa moja."

"Basi unasubiri."

Watu wanacheka. Lavonia anakwenda kwenye kona, ananyoosha mkono, anazima televisheni. Inabaki sauti ya mashine peke yake, na wote waliomo wanajua maana yake. Wanaovuta viti wanavuta. Mwenye simu anaigeuza uso chini.

"Haya," anasema. "Nguo zimeingia. Maneno yatoke."

Hapa ni mjini Macon, jimbo la Georgia, kwenye kona ya Barabara ya Ledbetter. Lavonia, mwenye umri wa miaka 57, ni mhudumu wa duka la kufulia nguo. Anafagia, anakunja, anachenji noti kuwa sarafu, anagombana na mashine zinazomeza sarafu hizo. Lakini kila Alhamisi, kwa miaka sita sasa, duka hili limekuwa baraza la mtaa. Watu wanazungumza juu ya afya zao, mila zao, shule za watoto wao, na namna ya kusaidiana wao kwa wao, watu weusi wa mtaa mmoja.

Utaratibu ni wake mwenyewe. Hakuna kipaza sauti wala kiti cha mbele. Aliyetia nguo kwenye mashine ya kukaushia ndiye mwenye zamu. Mashine ikianza, anaanza. Ikilia, anamaliza. Katikati hapo haruhusiwi mtu kumkata kauli, ingawa kucheka kunaruhusiwa, na kuguna pia.

"Ukimwambia mtu njoo tuzungumze juu ya afya ya akili yako, haji," anasema Lavonia. "Mwambie njoo ufue. Nani hana nguo chafu?"

Hata hivyo mwanamke huyu, aliyeufanya nusu ya mtaa useme, ana mtu mmoja asiyesema naye. Kaka yake wa pekee, Hosea, hajamwambia neno tangu mwezi Mei. Anaishi mitaa mitatu tu kutoka hapa.

Lavonia alizaliwa na kukulia Macon. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, akikunja mashuka ya wagonjwa, mpaka kazi hiyo ilipohamishiwa mji mwingine. Siku hizi analipwa dola kumi na mbili kwa saa. Jumamosi hupiga pasi sare nyeupe za wahudumu wa kanisa ili kuongezea, na anasema wazi kwamba haitoshi.

"Nikilipa umeme, dawa inasubiri. Nikinunua dawa, umeme unaninunia. Ndiyo tunavyoishi," anasema, kisha anaendelea kukunja.

Baraza lake halikuanza kwa mpango. Lilianza na Shemasi Cleophus Barnwell, mzee wa miaka 72 aliyewahi kuwa mgawa barua. Mkewe alipopatwa na kiharusi, Shemasi alikuja kufua kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitia nguo zote pamoja, nyeupe na nyekundu, akakaa.

"Nilikuwa naangalia zinavyozunguka," anasimulia Shemasi. "Lavonia akaja akakaa kando yangu. Hakuniuliza kitu. Mpaka mashine inalia, nilikuwa nimeshamwambia kwamba na mimi nina presha na sijanywa dawa wiki mbili."

"Msimulie na shati la kwaya," anasema Lavonia.

"Shati la kwaya lilitoka la waridi."

"Akalivaa."

"Nikalivaa! Ningevaa nini? Kwaya nzima mashati meupe, mimi peke yangu katikati."

"Mchungaji alishindwa kuomba," anasema Lavonia, na Shemasi anacheka kuliko wote.

Wiki iliyofuata Shemasi alirudi na rafiki yake, kisha rafiki akaja na dada yake. Baadaye akaja Mwalimu Ernestine Mabry, mwenye miaka 80, mwenye zile fulana za zambarau. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote na kustaafu hakujamwelea. Alhamisi huketi pembeni na watoto, wamekalia makapu yaliyopinduliwa, wakisoma kwa sauti huku wakubwa wakizungumza.

Ni Mwalimu Ernestine aliyeleta habari ya soksi. Alhamisi moja, zamu yake ilipofika, alieleza kwamba wapo watoto mtaani wanaokosa shule Jumatatu kwa kuwa hawana nguo safi, na mama anaona aibu kusema. Mtoto anabaki nyumbani kwa ajili ya soksi.

Tangu siku hiyo mashine ya nne haina mwenyewe. Anayetaka anaacha sarafu juu yake akipita. Anayehitaji anazichukua na kufua, na Lavonia, ambaye huona kila kitu, siku hizo huwa anafagia upande wa pili.

Oktoba mwaka jana mfuko mmoja wa hisani wa mjini ulisikia habari za Alhamisi hizo. Watu wa baraza wakaalikwa kwenye ukumbi wenye zulia, wakazungumze juu ya ustawi wa watu weusi. Walikwenda na nguo za kanisani.

"Tulijibu kama tuko mahakamani," anasema Keyonna Sykes, yule mwenye taulo. Ana miaka 29, anahudumia wazee majumbani mchana na kusomea uuguzi jioni. "Mimi niliulizwa changamoto zangu ni zipi. Nikasema sina. Nina mimba ya miezi sita, gari limekufa nje, miguu imevimba, nasema asanteni, sina."

Wenye mfuko walielewa. Mwezi uliofuata walikuja wao, kila mmoja na mfuko wa nguo chafu, wakasubiri zamu. Siku hizi wanalipia sabuni ya Alhamisi na vitabu vya Mwalimu.

"Neno hilo hisani tulidhani ni la watu ambao majina yao yako kwenye kuta za maktaba," anasema Shemasi. "Kumbe mama yangu alikuwa akifanya hisani kila wiki, na chombo kimefunikwa foili."

Lavonia husikia maneno hayo huku akiangalia chini. Ni habari ya vyombo iliyomtenganisha na kaka yake.

Mtaani hapa mtu akifiwa, chakula kinaingia kabla hajajua pa kukaa. Kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, makaroni ya jibini yaliyookwa, keki. Chini ya kila chombo kuna kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe. Jina linasaidia watu wajue saladi ya viazi katengeneza nani kabla hawajaitia mdomoni.

"Wala si mzaha," anasema Mwalimu Ernestine. "Kuna saladi ya viazi mtaa huu ilivunja uchumba."

Lakini hasa jina lipo ili chombo kirudi kwa mwenyewe. Mfiwa ndiye anayekirudisha, kwa mkono wake, siku atakapoweza, na hakirudi kitupu. Anatia alichonacho, hata kama ni biskuti za dukani. Anagonga, anaingia, anakaa. Kama ana la kusema anasema. Mwenye chombo hakidai kamwe. Anayekwenda kudai bakuli lake nyumba yenye msiba atasemwa mpaka azeeke.

Dorothea, mke wa Hosea, alifariki mwezi Februari. Waliishi pamoja miaka thelathini na minne, hawakujaliwa mtoto. Hosea ana miaka 61 na ni fundi wa mabasi ya mji, mtu mkubwa wa mwili asiyepoteza maneno. Vyombo vilijaa meza ya jikoni kwake vikashukia viti.

Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Hosea alikula, akaosha, akavipanga vizuri kimoja ndani ya kingine. Hakurudisha hata kimoja.

"Kila nikiingia kwake naviona," anasema Lavonia. "Nikawaza, kaka yangu amelemewa. Na mimi ndiye ninayesimama hapa kila Alhamisi nikisema wanaume wetu wanakufa na mambo kifuani. Nikasema leo nisiseme, nitende."

Jumamosi moja ya Mei, Hosea akiwa kazini, Lavonia alifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo alioachiwa na marehemu. Akavipakia vyombo vyote kwenye gari. Akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka alasiri, akivirudisha.

Vyote vilikuwa vitupu.

Kwa nini hakutia kitu, yeye aliyelelewa na mila hiyo? Lavonia anakunja taulo mbili kabla ya kujibu.

"Ningetia chakula changu ningekuwa nasema uongo kwa jina la Hosea. Na nilijiambia, ni mwanamume, yuko peke yake, hajui kupika hata yai. Nani atamtegemea alete kitu? Watu wataelewa."

Watu walielewa vingine.

"Alinikabidhi bakuli nikainua mfuniko, mazoea tu," anasema Keyonna. "Hamna kitu. Na aliyeleta si mwenyewe. Nikasema basi, Mjomba Hosea amefunga mlango. Hataki watu."

Mtaa wote ulisoma hivyohivyo. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, waliacha kupita. Waliokuwa wakisimama kwenye uzio wake jioni wakawa wanapunga mkono wakiwa ndani ya gari. Nyumba ya Hosea ikanyamaza kuliko ilivyokuwa wiki ya msiba.

Jioni ya Jumamosi ile Hosea alirudi kutoka kazini, akakuta meza tupu. Akampigia dada yake simu.

"Umekwenda kuwaambia watu kwamba nimeshamaliza," alisema. "Nani kakwambia nimeshamaliza, Lavonia?"

Lavonia anasema alianza kujieleza, akagundua kwamba anaongea peke yake. Simu ilishakatwa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa kaka yake.

Pengo lake linaonekana hata dukani. Kabla ya hapo Hosea alikuwa akipita kila Alhamisi akitoka gereji, na bisibisi mfukoni. Alikaza mikanda ya mashine bure, halafu akasimama karibu na mlango, mgongo ukutani, akisikiliza. Hakuwahi kuchukua zamu. Lakini alikuwepo, na wanaume wengine walikuwa wakija kusimama karibu naye.

"Alipoacha kuja, wanaume watatu wakaacha," anasema Shemasi. "Nikabaki mimi na wanawake hawa wananikoromea."

"Ungeondoka, nani kakushika?" anauliza Mwalimu Ernestine.

Mwezi Juni Lavonia alifikiria kuachana na Alhamisi zake. Alikuwa akimwona Hosea kwa mbali supamaketi, kwenye rafu za mchele, naye anageuza toroli lake anapita njia nyingine. "Nitamwambiaje mtu fungua moyo wako," anauliza, "na mimi namkimbia ndugu yangu wa tumbo moja?"

Hakuacha. Alhamisi ya pili ya Julai, watu walipokwisha kukaa, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka yote hiyo. Alichukua taulo kutoka kwenye rundo lililokwisha kukauka, akazitia kwenye mashine, akatia sarafu zake mwenyewe, akabonyeza.

"Tukajua ana jambo," anasema Keyonna. "Taulo kavu!"

Alisimulia yote, ufunguo, gari, milango, simu. Alisimulia akiwa amewapa mgongo, macho kwenye kioo cha mashine. Mashine ikalia. Hakuna aliyetaka zamu.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwalimu Ernestine, na anakumbuka alivyosema. "Lavonia, umekosea, na umelelewa vizuri, kwa hiyo sina la kukuongezea. Lakini mimi nilipokea chombo kitupu kutoka mkono ambao si wake, nikakaa kimya. Sikuuliza. Miezi miwili namwombea mtu anayekaa nyuma ya nyumba yangu, wala sijavuka uzio kumuuliza."

Keyonna, aliyekuwa akinyonyesha, akauliza kitu ambacho wengine walikiona cha kitoto. "Bakuli langu mimi bado ninalo. Nikilijaza tena nikampelekea, si litakuwa kwake, alirudishe mwenyewe?"

"Chakula cha msiba hakipelekwi mara mbili," akasema Shemasi.

"Kaandika nani?"

"Hakijaandikwa. Hakifanywi tu."

"Na kurudisha vyombo vya mtu mwingine vitupu, hicho kinafanywa?"

Walibishana mpaka mashine nyingine ikalia. Shemasi alikuwa mgumu kuliko wote. Alisema Hosea ataona wanamchezea, kwamba mtu hafiwi kwa mkupuo wa pili kwa sababu majirani wameamua. Mwalimu akamjibu kwamba Hosea hajafiwa mara ya pili, msiba ni uleule, ila uliporwa katikati. Hapo Shemasi akaacha kubisha. Walikubaliana waende mmoja mmoja, siku tofauti, asione kundi mlangoni. Na Lavonia asiende kabisa.

Shemasi, aliyepinga, ndiye aliyetangulia. Alipika kunde.

"Nikagonga. Hosea akafungua, akaangalia chombo, akaniangalia mimi. Akasema, 'Nani kafa?' Nikamwambia hakuna. Nimekuletea kunde. Akasema, 'Kapika mkeo?' Nikasema nimepika mimi. Akasema, 'Basi yupo atakayekufa leo.'"

Lakini akamfungulia mlango.

Jikoni Shemasi alikuta keki. Si moja. Nyingine imekatwa, nyingine imefunikwa na kitambaa, na moja iko kwenye ndoo ya taka. Zote zilikuwa keki ya siagi ya Dorothea, au zilijaribu kuwa. Tangu Machi, kila Jumapili baada ya ibada, Hosea alikuwa akijifundisha kuioka. Alitaka kila chombo kirudi na kipande chake. Keki ikawa inakataa, inabonyea katikati, na yeye hakutaka kumpelekea mtu keki ya Dorothea iliyobonyea. Ndiyo maana vyombo vilikuwa bado vimekaa.

Hakuna aliyejua. Lavonia hakujua.

"Vile vyombo nilikuwa nimevipangia," alisema Hosea alipotembelewa kwake kwa ajili ya makala haya. Alikuwa ameketi barazani, amevua viatu vya kazi. "Kila kimoja najua nitampelekea nani kwanza na nitakaa muda gani. Nilikuwa nangoja keki tu."

Kuhusu dada yake hakusema kitu. Aliuliza tu kama mashine ya sita bado inapiga kelele. Alipoambiwa ndiyo, alitikisa kichwa kama daktari aliyepewa majibu mabaya ya mgonjwa wake.

Baada ya Shemasi alikwenda Mwalimu na bakuli la mboga, kisha Keyonna na kuku, mtoto mgongoni. Wengine wakafuata kwa siku zao. Jikoni kwa Hosea meza ikajaa tena, na selotepu zote chini zikiwa na majina yaleyale.

Lakini Lavonia hakuwa na chombo katika nyumba ile. Ndugu wa karibu haleti chakula cha msiba, hupika palepale jikoni kwa mfiwa, na mwezi Februari yeye ndiye aliyesimama kwenye jiko la Hosea siku nne mfululizo. Hakuwa na jina lake chini ya kitu chochote. Kaka yake hakuwa na kitu cha kumrudishia.

Jumapili ya mwisho ya Julai alioka makaroni ya jibini kwenye bakuli lake la kioo la kila siku, lile pekee linalotosha familia. Akabandika selotepu chini. Alikaa na kalamu kwa muda, anasema, kwa sababu hajawahi kujitambulisha kwa kaka yake kwa maandishi. Mwishowe akaandika Vonnie, jina la utotoni. Akaliweka kwenye kiti cha barazani, akabonyeza kengele, akashuka ngazi. Hakugeuka.

Tangu hapo vyombo vimeanza kurudi mtaani. Mwalimu Ernestine alipata chake kikiwa na keki iliyobonyea katikati, na Hosea alikaa kwake mpaka chai ya barafu ikaisha kwenye jagi. Keyonna alipata chake, keki ikiwa imenyooka kidogo. Majirani wameanza tena kusimama kwenye uzio.

Kwa Lavonia hakijafika kitu. Wiki ya tatu sasa anaokea kwenye sinia la foili, na mumewe hajalalamika, ingawa Jumapili iliyopita aliliangalia sinia kwa muda mrefu.

"Silaumu," anasema. "Bora ana pa kwenda."

Ndipo mlango unafunguka. Ni Shemasi Barnwell, aliyetoka kidogo kufuata nguo zake garini na kuchelewa kurudi. Anaweka kapu chini. Mashine ya Mwalimu bado inazunguka na zamu ni ya Mwalimu, lakini Mwalimu anamtazama Shemasi usoni na kunyamaza mwenyewe.

"Nimekutana na Hosea hapo njiani anatoka kazini," anasema Shemasi. "Kanisimamisha. Nina ujumbe."

Mikono ya Lavonia inasimama juu ya taulo.

"Ujumbe wa nani?"

"Wako."

"Kasemaje?"

Shemasi anakohoa. Anaonekana kujuta kwamba yeye ndiye mjumbe. "Kasema makaroni yalikauka."

Fulana za zambarau zinapanda na kuanguka.

"Kasema nini?"

"Yalikauka pembeni. Na kasema jibini uliibania."

"Mimi?" Lavonia anashika kiuno. "Mimi niliibania jibini? Yule mtu anayeoka keki zenye shimo, huyo ndiye wa kunifundisha mimi makaroni? Alimaliza au hakumaliza?"

"Bakuli nimeliona kwenye kiti cha mbele cha gari lake. Limeoshwa."

"Nimekuuliza alimaliza?"

"Kamaliza, Lavonia. Mtu haoshi bakuli lenye makaroni."

Duka zima linaangua kicheko, na mtoto kwenye kapu anashtuka, anafumbua macho, anaamua kutolia. Lavonia anawageuzia mgongo. Anachukua taulo iliyo karibu na kujifuta uso kwa nguvu, kama anayefuta jasho.

"Hiyo ni taulo yangu," anasema Keyonna taratibu, akimnyanyua mwanawe.

"Utaifua tena."

Alipoulizwa kama sasa ataenda kumwona kaka yake, Lavonia alitikisa kichwa mara moja. Ufunguo wa nyumba ile alishamkabidhi Shemasi aurudishe. "Nikienda nitakuwa nimemnyang'anya tena," alisema. "Aliniambia hajamaliza. Acha afike kwangu kwa mwendo wake."

Anazo ndoto nyingine vilevile. Anataka mwenye duka akubali kuwe na jioni ya pili, Jumanne, kwa ajili ya wanaume peke yao, na anataka Shemasi aiongoze, jambo ambalo Shemasi analikataa kila wiki kwa sauti inayozidi kupungua. Keyonna akimaliza masomo yake, wamepanga awe anapima watu presha hapohapo nguo zikizunguka.

Lakini ukimuuliza anachokingoja hasa, anachukua shuka jingine, analibana kwa kidevu, na anajibu akitafuta pembe.

"Atagonga. Nitamwekea kiti na chai, sitamuuliza kitu. Chochote alichotia kwenye bakuli langu nitakila mbele yake, mpaka kiishe, hata kama kimeungua."

Anazipata pembe, anakunja.

"Halafu nitamwambia kilikuwa kikavu."